Kwa nini uliua? Swali ambalo jaji wa Tanzania hana pa kuliweka

Tuseme kuna mabinti wawili, kila mmoja anamuuguza mama yake. Mama wa kwanza ana saratani iliyosambaa, mofini imeshindwa kumtuliza, na kwa wiki nzima anaomba jambo moja tu, apumzike. Usiku mmoja binti anazidisha dawa kwenye uji, na mama haamki. Mama wa pili ana kisukari na nyumba mbili Sinza. Binti yake naye anazidisha dawa kwenye uji, kwa kuwa dalali ameshapata mteja. Mtaa mzima ungejua la kusema juu ya hawa wawili, na usingewaweka fungu moja. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inawaweka. Wote wameua kwa kukusudia. Adhabu yao ni moja, kunyongwa hadi kufa, na jaji anayeisoma hana ruhusa ya kuipunguza.

Hili halikupenya kwa bahati mbaya. Kanuni yenyewe inatamka kwamba, isipokuwa pale sheria iliposema vinginevyo, sababu iliyomsukuma mtu kutenda jambo, au kuweka nia ya kulitenda, haina uzito katika kuamua kama anawajibika kijinai. Wakenya wanayo maneno hayohayo katika kifungu cha 9 cha Kanuni yao ya Adhabu, Sura ya 63. Asili yake ni mbali. Yalitungwa Queensland, Australia, katika kanuni ya jinai iliyoandaliwa na Sir Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899, kisha Waingereza wakayaleta Tanganyika na Kenya katika kanuni za mwaka 1930. Uhuru ulipokuja, bendera ikabadilika, kifungu kikabaki.

Mimi naitetea kanuni hii ya kuiweka sababu kando, angalau nusu yake. Kila muuaji ana sababu, na wengi wana sababu nzuri masikioni mwao wenyewe. Kijana anayempiga tofali mtuhumiwa wa wizi wa simu Manzese anaamini analinda mtaa. Aliyemkata panga shemeji yake anaamini analinda heshima ya ukoo. Mahakama ikianza kupima uzuri wa sababu kabla ya kuamua kama kosa limetendeka, kila kesi itageuka kuwa mashindano ya hadithi, na maiti itakuwa shahidi pekee asiye na la kusema. Kwa hiyo swali la kwanza lazima liwe kavu: je, alitenda, na alipotenda alikuwa na nia gani?

Arusha inajua ukavu huo kuliko miji mingi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipokaa pale ilibidi ithibitishe nia ya pekee, yaani nia ya kuangamiza kundi la watu, lote au sehemu yake. Bila nia hiyo kuna mauaji, hakuna mauaji ya kimbari. Katika rufaa ya Clément Kayishema na mfanyabiashara Obed Ruzindana, wote wa Kibuye, hoja ya sababu binafsi iliibuka, na mwaka 2001 majaji wa rufaa wakaikata: nia ya jinai isichanganywe na sababu, na mtu kuwa na sababu zake binafsi hakumwondolei hatia ya kimbari iwapo nia ya kuangamiza imethibitika. Fikiria wangeamua kinyume. Kila aliyeua jirani akachukua ng'ombe wake angesema alifuata ng'ombe tu.

Sasa nia inaonekanaje? Hakuna kipimo cha hospitali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipanga vigezo katika shauri la Enock Kipela, rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, na hadi leo ni nadra hukumu ya mauaji kutolewa bila shauri hilo kutajwa. Majaji huangalia aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Panga shingoni mara tatu kisha kutorokea mkoa mwingine linasema jambo moja. Fimbo moja mguuni, kisha mpigaji huyohuyo akakodi pikipiki kumkimbiza majeruhi zahanati, linasema jingine. Kuna jambo ambalo washtakiwa wengi hawalijui mpaka wanapokuwa kizimbani: kusema "sikutaka afe" hakutoshi. Sheria inahesabu nia ovu, yaani nia inayolifanya kosa kuwa kuua kwa kukusudia, hata kwa aliyekusudia tu kujeruhi vibaya, na hata kwa aliyejua kwamba kitendo chake huenda kikaua huku akitamani kisiue.

Kesi iliyolifundisha taifa zima tofauti hii ni ile ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012. Elizabeth Michael, anayejulikana kama Lulu, alishtakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia, shitaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Novemba 2017 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ikamtia hatiani kwa kosa hilo dogo na kumpa kifungo cha miaka miwili. Miaka yote mitano watu walibishana vijiweni juu ya mapenzi, wivu na simu, yaani juu ya sababu. Kilichoamua ukubwa wa kosa ni kile ambacho vijiwe havikukijadili: hati ya mashtaka ilikuwa inadai nia gani.

Angalia na upana wa pengo lenyewe. Kuua bila kukusudia, adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha maisha, na inaweza kuwa kuachiwa kwa masharti siku hiyohiyo. Kuua kwa kukusudia ni kitanzi, basi. Upande mmoja jaji ana uwanja mzima wa kuchezea, upande wa pili hana hata sentimita. Na kati ya pande hizo mbili kuna ukuta mmoja tu, nao ni nia.

Hapo ndipo kanuni inapoanza kujipinga yenyewe. Mlango wa mbele umefungiwa sababu, kwa hiyo sababu inaingia kwa dirisha la nia. Dirisha kubwa kuliko yote linaitwa kughadhibishwa. Mtu akiua ghafla kwa hasira iliyochochewa, kabla damu haijapoa, sheria inalishusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Mfano ambao kila mwanafunzi wa sheria anaujua ni mume aliyemfumania mkewe. Tuwe wakweli: mume huyo alikusudia. Alichukua shoka, akalenga kichwa, akapiga mara mbili. Ukipima kwa vigezo vya Kipela hachomoki. Kinachomwokoa ni jibu la swali la kwa nini, lile ambalo sheria ilisema halina uzito.

Jambo zuri, Kanuni ya Tanzania inaposema kuhusu mtu wa kawaida atakayeghadhibika, inafafanua kuwa ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Ufafanuzi huo una historia yenye damu. Mwaka 1932 mahakama Nairobi iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa mpigo kwa kumpiga mwanamke hadi akafa, wakiamini amemroga mke wa mwenzao. Kwao hawakuwa wahuni. Walikuwa wakitekeleza adhabu ya jamii dhidi ya mchawi, kama walivyorithi. Mahakama ikasema sababu hiyo haiwaondolei kosa, na kwa kanuni niliyoitetea hapo juu ilikuwa sahihi. Ila hata serikali ya kikoloni iliona haya kuwanyonga wanaume 60 kwa kifo kimoja, ikawapunguzia. Swali la kwa nini lilikataliwa mahakamani, likajibiwa ofisini kwa gavana.

Miaka tisa baadaye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikalainika. Katika shauri la Fabiano Kinene, kutoka Uganda, marehemu alikutwa usiku akitambaa uchi karibu na nyumba ya watu, na waliomkuta, wakiamini wamemnasa mchawi akiwa kazini, wakamuua. Majaji mwaka 1941 walikubali kwamba kwa mtu wa jamii ile kitendo hicho kingeweza kuwa uchochezi mkubwa na wa ghafla. Kosa likashuka. Mwaka 1951 likaja shauri la Eria Galikuwa, naye wa Uganda. Yeye alimuua mganga aliyekuwa akimdai fedha na kumtisha kwamba asipolipa atakufa. Safari hii majaji walikaza: imani ya uchawi peke yake haitoshi, lazima kuwe na kitendo cha uchochezi cha papo hapo, na lazima muuaji awe alitenda kwa hasira. Hofu peke yake haitoshi.

Sentensi hiyo ya mwisho naona ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote katika eneo hili la sheria yetu, na haizungumzwi inavyostahili. Hasira inapunguziwa, hofu haipunguziwi. Nani katika jamii zetu anaua kwa hasira ya ghafla? Mara nyingi ni mwanamume mwenye nguvu za kumaliza kazi palepale. Nani anaua kwa hofu iliyojikusanya? Mara nyingi ni mwanamke aliyepigwa miaka kumi, ambaye hana ubavu wa kupambana na mume aliye macho, kwa hiyo anangoja alale. Kwa macho ya sheria huyu ndiye mbaya zaidi: alingoja, alipanga, damu ilishapoa. Mume wa fumanizi anatoka na miaka michache. Mwanamke aliyengoja usiku uingie anakwenda kwenye chumba cha waliohukumiwa kunyongwa. Hakuna mtunga sheria aliyeketi akasema tuwahurumie wanaume tuwanyonge wanawake. Ilitokea tu kwa kuwa sababu moja ilipewa dirisha na nyingine haikupewa.

(Dirisha jingine dogo lipo, la mama aliyeua mtoto wake mchanga kabla hajafikisha miezi kumi na miwili akili yake ikiwa haijatulia kutokana na uzazi. Hilo lilifunguliwa makusudi, kwa kifungu chake, na sijawahi kusikia mtu akidai limeharibu sheria ya mauaji.)

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sababu ibaki nje ya hatia, iingie kwenye adhabu. Na Tanzania haiwezi kufanya hivyo maadamu kifungu kile ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 197 kinamwamuru jaji kutoa hukumu ya kifo badala ya kumruhusu. Adhabu isiyo na ngazi inawalazimisha watu wote waliomo kwenye mfumo kusukuma huruma yao mahali isipopaswa kuwa. Mwendesha mashtaka anayemwonea mtu huruma anashusha shitaka. Jaji anayemwonea huruma anatafuta shaka kwenye nia mahali ambapo pengine hapana shaka. Ukikusanya hukumu za namna hiyo kwa miaka ishirini, maana ya nia ovu inaanza kulegea, na atakayefaidi ulegevu huo kesho ni yule wa nyumba mbili Sinza, mwenye wakili mzuri.

Na pale huruma inaposhindwa kupenya popote, inapelekwa Ikulu. Jaji akishatoa hukumu ya kifo, sheria ya mwenendo wa jinai inamtaka apeleke kumbukumbu za ushahidi kwa Rais pamoja na taarifa yake ya maandishi, na Rais ana mamlaka ya msamaha chini ya ibara ya 45 ya Katiba. Yaani swali la kwa nini halikufutwa hata kidogo. Limehamishwa kutoka mahakama ya wazi, ambako ndugu wa marehemu wangelisikia na kulipinga, likawekwa kwenye faili. Na faili hizo zinakaa. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Septemba 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Wengi walimpigia makofi. Mimi niliona nchi ambayo mahakama zake zinalazimishwa kutamka jambo ambalo kiongozi wake anasema wazi hataki kulitekeleza.

Haikukosa watu wa kujaribu kulibadilisha. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, alitamka adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba katika shauri la Mbushuu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, palepale Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa unamnyang'anya jaji uwezo wa kuangalia mazingira ya kosa na ya mkosaji. Zingatia kwamba mahakama hiyo haikuhitaji kusema adhabu ya kifo yenyewe ifutwe. Ilichogusa ni ulazima.

Majirani wametangulia. Uganda waliuvunja ulazima huo mwaka 2009 katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400. Kenya waliuvunja Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua shauri la Francis Muruatetu. Katika mambo ambayo majaji wa Nairobi walisema yazingatiwe wakati wa kupanga adhabu upya, pamoja na umri, rekodi na majuto, waliandika moja linalonihusu hapa: iwapo kosa lilitendwa kama mwitikio wa ukatili wa kijinsia. Yule mwanamke aliyengoja usiku uingie amepata pa kusimama. Hatia yake haijafutwa, jina la kosa lake halijabadilishwa kuwa jingine la kupendeza, lakini kuna siku ya kueleza kwa nini na mtu mwenye mamlaka ya kusikiliza.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka pwani ya Kenya. Katika kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miaka mingi, kiasi kwamba huko Ganze kuna hifadhi, Kaya Godoma, ya wazee waliokimbia watoto na wajukuu zao wenyewe. Wauaji husema waliogopa kurogwa. Ukiuliza wenyeji, wanakuambia tazama shamba limekwenda kwa nani. Usukumani vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyobadilishwa rangi na moshi wa jikoni wa miaka hamsini, na huko nako mara nyingi kulikuwa na mirathi nyuma ya tuhuma. Ukiifanya sababu kuwa kitu cha kumpunguzia mtu miaka, anasema mpinzani, unampa muuaji wa shamba nafasi ya kuvaa vazi la mtu aliyeogopa mchawi.

Ni kweli. Lakini hebu tuulize mfumo wa sasa unafanya nini na muuaji huyo. Anapojitetea kwa kughadhibishwa, hoja yote inabanwa kwenye dakika chache za tukio: marehemu alifanya nini, mshtakiwa alihisi nini, muda gani ulipita. Habari za shamba zinaonekana kama zipo nje ya mada, kwa kuwa sababu haina uzito. Upande wa mashtaka ukishapata mashahidi wa tukio na ripoti ya daktari, hauna msukumo mkubwa wa kwenda ofisi ya ardhi kuuliza nani aliomba kuhamishiwa hati wiki mbili baada ya maziko. Uongo kuhusu sababu unastawi pale ambapo hakuna anayelazimika kuichunguza.

Kikao cha adhabu chenye meno kingekuwa tofauti na kile tunachokizoea, cha wakili kusimama dakika tano na kusema mteja wake ni kijana, ana familia inayomtegemea na ni mkosaji wa mara ya kwanza. Anayedai alipigwa miaka kumi alete fomu za polisi za PF3, alete muuguzi, alete jirani aliyesikia makelele, alete mwenyekiti wa mtaa aliyewasuluhisha. Anayedai aliogopa mchawi ahojiwe na upande wa mashtaka juu ya mipaka ya shamba, na mtendaji wa kijiji aitwe na daftari lake. Familia ya marehemu ipewe nafasi ya kupinga kwa viapo, maana mara nyingi wao ndio wanaojua ugomvi ulianza lini. Baada ya hapo jaji aandike kwa maandishi sababu ipi ameikubali na ipi ameikataa, ili Mahakama ya Rufani iwe na kitu cha kukosoa. Leo, kwenye kosa kubwa kuliko yote katika Kanuni ya Adhabu, Mahakama ya Rufani ikishakubali kwamba hatia ni sahihi haina cha kupima kwenye adhabu, kwa kuwa hakuna aliyechagua chochote.